Kijiko cha Saba

Makopo kumi na tisa yamepangwa juu ya kabati.
Moja lina mchele, moja lina vifungo,
moja lina risiti za dawa tangu Rajabu.
Mengine matupu. Sijui nayawekea nini.

Maziwa yangu hayakukaa. Nalisema mara moja
tusilirudie:
wiki ya pili jipu, wiki ya tatu kisu,
na mavyaa kila asubuhi na supu ya pweza,
akinisimamia hadi niione chini ya bakuli.
Jirani wakasema, mtoto wa kopo
atakuja kumwita duka mama.

Basi nikajifunza hesabu.
Maji mililita mia na themanini, vijiko sita,
unga usawazishwe kwa mgongo wa kisu,
usishindilie, usikadirie,
usipunguze hata mwezi ukikaza.
Machi, mwezi ulikaza.
Nilipunguza. Kijiko kimoja, usiku mmoja.
Alilala vizuri tu.
Mimi ndiye niliyekesha.

Juzi Twahir alitimiza mwaka.
Nesi wa Tudor akaandika kwenye kitabu cha kliniki,
akasema bila kuinua kichwa,
"Haya mama, sasa ng'ombe,"
kama mtu anayemwelekeza mgeni:
pita hapo, ukifika msikitini kata kushoto.

Nzai huja na baiskeli kutoka Kisauni,
dumu limefungwa kwa mpira wa tairi.
"Ya mtoto? Chemsha mpaka yapande, usiondoke hapo.
Ng'ombe mwenyewe anaitwa Madeni."
Kwa nini Madeni?
"Kwani nilimnunua kwa pesa zangu?"

Siku ya kwanza, robo ng'ombe, robo tatu kopo.
Twahir akaonja, akanitazama
kama karani aliyepewa noti ya bandia,
akayatema yote juu ya leso yangu mpya,
palipoandikwa NIMEKUPA, SEMA AHSANTE.

Siku ya tatu, robo ile ile.
Siku ya tano nusu kwa nusu; mavyaa akatia iliki
nilipogeuka.
Siku ya saba choo kikawa kigumu,
tukala papai, mimi na yeye, nyumba nzima ikanuka papai.
Siku ya nane sikujaribu. Nilichoka.

Ijumaa usiku stima zikapotea Majengo nzima.
Birika ni la stima, gesi imekwisha tangu asubuhi,
na yeye kaamka, yuwalia kilio kile
kisichotaka maelezo.
Nikapapasa meza, nikaondoa kawa,
sufuria ya alasiri, maziwa yamepoa,
malai yamejikunja juu yake kama shuka.
Chupa sikuiona. Nikamimina kikombeni,
matupu, bila hesabu,
nikakipeleka pale sauti ilipokuwa.

Kilio kikakatika.
Nikasikia koo, gubu, gubu, kisha pumzi,
kisha vidole vyake vyanitafuta, vyakivuta kikombe
visije vikanyang'anywa.
Stima ziliporudi, mtaa mzima ukapiga kelele,
na yeye na masharubu meupe
akinikodolea macho,
kana kwamba nilimficha kitu mwaka mzima.

Leo nimefungua kopo la ishirini kulisafisha.
Chini mmebaki unga. Nimeupima,
kwa mgongo wa kisu, kwa mazoea:
vijiko saba.
Mavyaa asema nimpe mtoto wa jirani.
Nimenyamaza.

Wamelala wote. Nimechemsha maji,
mililita mia na themanini,
nimetia sita, ambavyo ndivyo kipimo,
na cha saba, ambacho nilikuwa nadaiwa.
Nimekaa kizingitini na kikombe chake.
Mwaka mzima niliyatikisa, nikayadondoshea mkononi
kujua moto wake,
na sikuwahi kuyaonja.

Ni matamu.
Matamu sana.
Hakuna aliyeniambia.